Mzee Anaposahau: Daktari Anajuaje Kama ni Ugonjwa?

Familia nyingi za Machame huanza kuona mabadiliko ya mzee Desemba, watoto wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula sikukuu nyumbani. Bibi anamwita mjukuu kwa jina la mjomba aliyefariki zamani. Anarudia swali lile lile kabla chai haijapoa. Wanaoishi naye wanasema ni uzee tu; waliotoka mjini wanataka apelekwe hospitali ya KCMC kesho yake. Msigombane. Daktari atawahitaji wote, kwa sababu kila upande umeona jambo ambalo mwingine hakuliona.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wala picha ya kichwa inayotosha peke yake kusema mzee ana dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Damu na mkojo hupimwa ili kutafuta maradhi mengine yanayovuruga akili: malaria, sukari, kaswende, VVU, matatizo ya tezi ya shingo. Mzee aliyeimba kanisani Jumapili, kisha Jumanne hajui yuko wapi, usiseme ni uzee. Huenda ana nimonia au maambukizi ya mkojo, au dawa anazotumia zimemdhuru. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Kazi kubwa zaidi ni maelezo, na maelezo yako nyumbani. Kabla ya kuondoka, kaeni mkumbuke: ilianza lini, ghafla au kidogo kidogo? Bado anapika mtori bila kusahau moto? Chenji ya sokoni anaihesabu? Amewahi kupotea njia ya kihamba chake mwenyewe? Tieni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za miti shamba. Kuhusu mbege na pombe kali, semeni kiasi cha kweli. Yapo maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji, na tafsiri yake ya Kiswahili imefanyiwa utafiti hapo KCMC. Lakini maswali hayo hayafai kitu kama anayejibu anaficha.

Wilaya yetu ya Hai ina historia yake katika jambo hili. Utafiti wa mwaka 2010 ulikuta kwamba wazee wapatao 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia. Vipimo vingi vya Ulaya humtaka mtu asome, aandike au achore, na bibi ambaye hakusoma angeshindwa hata akiwa na akili timamu. Kwa hiyo watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa leo ni siku gani, daraja ni kitu gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, huyakumbuka maneno aliyosomewa awali, na hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kipimo hiki ni chujio tu: akipata alama chache, ndipo uchunguzi kamili unapoanza. Kwa hiyo msimfanyie mtihani jikoni, na zaidi ya yote msimfundishe majibu.

Kama mzee hujieleza vizuri zaidi kwa Kimachame, aende na mtu wa kumtafsiria. Huyo aseme neno kwa neno, hata jibu likiwa halina kichwa wala miguu. Wengi wetu hulinyoosha jibu kwa heshima ya mzazi, na papo hapo dalili inapotea.

Daktari atauliza pia kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, huzuni, kukata tamaa. Mzee mwenye sonona naye husahau, na sonona ina tiba. Ataulizwa kama amefikiria kufa. Msishtuke, kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kama tayari amelitamka nyumbani, msimwache peke yake, na mfike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Anzeni zahanati au Hospitali ya Machame. Ikibidi mtaandikiwa rufaa ya hospitali ya Mawenzi au KCMC. Maombi yanaweza kuendelea, ila tarehe ya kliniki isisogezwe kwa ajili yake. Kabla hamjatoka kwa daktari, mwulizeni ni magonjwa gani ameshayaondoa, lipi bado analishuku, na mrudi lini.