Somo kwa Makatibu: Kipanya Kinapogoma Baada ya Kompyuta Kusasishwa

Makatibu wengi wa vyama vya msingi wilayani Kibiti hufanya kazi zao kwa kompyuta. Daftari la wanachama, kilo zilizopokelewa ghalani, orodha ya malipo ya korosho na ufuta, pamoja na taarifa zinazoingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, hupita katika chombo hicho. Kwa hiyo hitilafu ndogo ya kompyuta si shida ya katibu peke yake; ni shida ya mwanachama anayesubiri fedha za jasho lake. Somo hili lahusu hitilafu moja tu, nayo ni ya kipanya kukataa kufanya kazi baada ya kompyuta kujisasisha.

Chukuliwe mfano. Mnada umekwisha kufanyika, fedha zimeingia, na chama kinatakiwa kufikisha benki orodha ya malipo kabla ya saa tisa alasiri. Jana jioni kompyuta iliunganishwa na intaneti ya simu ya katibu, nayo ikavuta sasisho la Windows. Asubuhi ilipowashwa ilikaa muda mrefu ikijitengeneza, na ilipofunguka kishale kilikuwa kimesimama katikati ya kioo kama mtumbwi uliopwelewa. Katibu anasukuma kipanya huku na huku, lakini kishale hakijongei. Nje, chini ya mwembe, wazee wamekaa, na mmoja wao anauliza, "Mwanangu, hesabu zetu zimefia humo?"

Hesabu hazikufa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo katibu na wajumbe wa bodi wanapaswa kulifahamu. Kipanya ni kifaa cha kuonyeshea tu, wala hakihifadhi kitu. Majina, kilo na nambari za akaunti zimo katika diski ya kompyuta, na sasisho la kawaida haliziondoi. Hasara inayokipata chama katika mambo ya namna hii hutokana zaidi na yale yanayofanywa katika saa ile ya wasiwasi: kuzima kompyuta kwa kung'oa waya, au kumpa mtu wa pembeni ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni kuipiga Windows upya. Mtu huyo anaweza kukirudisha kipanya kweli, na kumbukumbu za msimu mzima zikaondoka. Kompyuta ikikabidhiwa kwa fundi, chama kimwambie waziwazi, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba diski isifutwe bila idhini ya bodi.

Ili hitilafu ieleweke, yafaa kujua kipanya kinavyofanya kazi. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani, kutokana na wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na umma ulikishuhudia San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Vipanya vya sasa havina magurudumu. Chini yake mna taa na kamera ndogo sana ambayo hupiga picha za meza zaidi ya elfu moja kila sekunde. Picha hizo hulinganishwa, na kwa kuzilinganisha kipanya hujua kimesogea upande gani na kwa kiasi gani. Ndiyo maana juu ya kioo au meza inayong'aa sana kishale hurukaruka au husimama, na ndiyo maana unyuzi mmoja wa gunia ukinasa katika kitundu cha taa unatosha kukipotosha.

Habari za kusogea huko hupelekwa katika kompyuta kama tarakimu tupu. Kompyuta huzielewa kwa msaada wa programu endeshi, ambayo kazi yake yafanana na ya mkalimani kati ya watu wawili wasiojua lugha moja. Kila kifaa kina mkalimani wake: kipanya, kibodi, mashine ya kuchapa, na hata tundu la USB ambamo waya huchomekwa. Sasisho huweza kumwondoa mkalimani wa zamani na kumweka mpya, au likabadili taratibu za ndani ambazo mkalimani wa zamani hazifahamu. Pia, umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kazi, sasisho huweza kubaki nusunusu. Hapo kipanya ni kizima, kompyuta ni nzima, ila hawasikilizani.

Lakini jambo lililotokea baada ya sasisho si lazima liwe limesababishwa na sasisho. Waya uliokuwa ukikatika polepole kwa miezi sita unaweza kukatika asubuhi ile ile. Katibu anayekimbilia kulaumu sasisho atahangaika na mambo ya ndani ya kompyuta wakati ubovu uko nje, katika waya wa bei ndogo. Kwa sababu hiyo uchunguzi huanzia nje na kuingia ndani.

Kabla ya uchunguzi wowote, kazi iliyo wazi iokolewe. Kibodi inatosha, kwani kompyuta zilitumika miaka mingi kabla vipanya havijaenea maofisini. Kubonyeza Ctrl pamoja na S huhifadhi faili iliyofunguliwa. Alt pamoja na Tab humhamisha mtu kutoka dirisha moja hadi jingine. Kitufe chenye nembo ya Windows hufungua orodha ya programu, na papo hapo mtu akiandika jina la faili au programu, kisha akabonyeza Enter, itafunguka. Tab husogeza alama kutoka sehemu moja ya dirisha hadi nyingine, mishale hupanda na kushuka, na Ctrl pamoja na P huchapa. Kwa vitufe hivi vichache katibu wa mfano wetu angeweza kuifungua orodha yake, kuikagua, kuichapa na kuifikisha benki kabla ya saa tisa, kipanya kikiwa bado kimelala. Matengenezo yangefuata baadaye, roho ikiwa imetulia. Kibodi yenye tarakimu upande wa kulia ina msaada mwingine: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock zikibonyezwa pamoja, kompyuta huuliza kama mtu anataka kuendesha kishale kwa tarakimu. Akikubali, 8 hukipandisha, 2 hukishusha, 4 na 6 hukipeleka kushoto na kulia, na 5 hubofya. Ni mwendo wa kinyonga, lakini hufika.

Sasa uchunguzi. Kipanya kigeuzwe kitazamwe chini. Taa ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, waya uchomolewe na kuchomekwa katika tundu jingine la kompyuta yenyewe, si katika kigawanyio cha matundu. Kwa kipanya kisicho na waya, betri ibadilishwe na kipokezi chake kidogo kihamishwe tundu. (Vipo vipanya ambavyo mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hivyo, taa pekee isiwe hukumu.) Kisha lifanyike jaribio ambalo lina faida kuliko yote: kipanya hicho kichomekwe katika kompyuta nyingine, ya shule, ya ofisi ya kata au ya chama jirani, na kipanya kingine kizima kichomekwe katika kompyuta ya chama. Kipanya kikigoma pote pawili, kimekufa, na sasisho halina hatia. Kikifanya kazi kwingine, na kile cha kuazima nacho kikagoma katika kompyuta ya chama, basi ugonjwa umo katika kompyuta. Majaribio haya mawili huchukua dakika tano na huokoa safari ya kwenda kwa fundi.

Ugonjwa ukiwa ndani, hatua ya kwanza ni kuwasha upya, na hapa wengi hukosea bila kujua. Katika Windows za miaka hii, kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuiamuru iwake upya. Inapozimwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake ya ndani ili kesho iwake haraka; kwa hiyo hitilafu huweza kuamka pamoja nayo. Amri ya kuwasha upya, ambayo kwenye kioo huandikwa Restart, husafisha yote na kuanza mwanzo. Kwa kibodi, Windows na D zibonyezwe pamoja ili meza ya kompyuta ionekane, kisha Alt na F4, halafu Restart ichaguliwe kwa mishale na kuthibitishwa kwa Enter. Pengine sasisho lenyewe lilikuwa likingojea hatua hii ili likamilike. Kompyuta ikiandika kwamba isizimwe, iachwe imalize, na chaja ibaki imechomekwa hata ikichukua saa nzima.

Kipanya kikiendelea kugoma, atazamwe mkalimani. Windows na R zibonyezwe pamoja, iandikwe devmgmt.msc, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vyote. Kwa Tab na mishale alama ifikishwe penye maneno Mice and other pointing devices, na mshale wa kulia ufungue sehemu hiyo. Alama ya pembetatu ya njano kando ya kifaa yaonyesha kwamba mkalimani wake ana kasoro. Enter hufungua maelezo ya kifaa, na Ctrl pamoja na Tab hupeleka kwenye ukurasa ulioandikwa Driver. Humo mna kitufe cha Roll Back Driver, ambacho humrudisha mkalimani wa zamani. Kikiwa kimefifia, hakuna wa kurudishwa. Basi kifaa kiondolewe kwa Uninstall Device na kompyuta iwashwe upya, nayo itamtafuta mkalimani yenyewe. Jina la kuondoa lisiwatishe watu. Kinachoondolewa ni mkalimani, si faili za chama.

Ipo hali nyingine inayofanana na ubovu lakini si ubovu. Kipanya hufanya kazi, kisha hulala kila baada ya muda mfupi. Hapo kompyuta inabana umeme kwa kuyakatia matundu ya USB, mpango ambao huweza kurejea baada ya sasisho hata kama ulikuwa umezimwa. Hurekebishwa katika orodha ile ile ya vifaa, penye USB Root Hub, ukurasa wa Power Management. Pia sasisho huweza kubadili mwendo wa kishale, au kukizima kibao cha kugusa cha kompyuta mpakato. Kibao hicho kwa kawaida huwashwa kwa kimojawapo cha vitufe vya juu, chenye picha ya kibao.

Yote yakishindikana, yabaki mawili: kuliondoa sasisho kupitia ukurasa wa historia ya masasisho katika mipangilio ya Windows, au kuirudisha kompyuta katika hali ya siku za nyuma kwa kuandika rstrui katika dirisha lile la Windows na R. Njia hii ya pili hurudisha mafaili ya mfumo na programu bila kugusa barua na majedwali ya mtu, mradi kompyuta ilikuwa imeweka kumbukumbu ya hali hiyo. Hata hivyo, isianzwe kabla nakala ya kazi za chama haijawekwa katika flashi.

Makosa ya namna hii huwafika hata watengenezaji wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11 lililovifanya vipanya na kibodi za USB visifanye kazi ndani ya sehemu ya uokoaji, yaani mahali pale pale ambapo mtu hukimbilia kompyuta inapoharibika. Katika matumizi ya kawaida vilifanya kazi vizuri, kwa hiyo wengi hawakutambua. Sasisho la kurekebisha kosa hilo lilitolewa tarehe 20 Oktoba, siku 6 baadaye. Katibu ambaye katika siku hizo angeingia sehemu ya uokoaji kwa haraka angejikuta mbele ya kioo kisichosikia kipanya wala kibodi, ilhali hapo mwanzo alikuwa na kibodi nzima.

Je, masasisho yakataliwe? La. Kazi yake kubwa ni kuziba mianya ambayo wezi wa mtandao huitumia, na kompyuta yenye nambari za akaunti za wakulima ni windo zuri. Siku ile ile ya 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta inayobaki bila matengenezo hayo huzidi kuwa hatarini kila mwezi upitao. Lililo katika uwezo wa chama ni kuchagua siku. Windows huruhusu sasisho lisimamishwe kwa muda, na katika wiki ya mnada na malipo ni busara kufanya hivyo. Liruhusiwe wiki ya utulivu, umeme ukiwapo, na nakala ya faili ikiwa imekwisha kufungiwa katika kabati la mweka hazina.

Kwa vyama vilivyo bara, kama Bungu na Kibiti mjini, kipanya kingine hupatikana dukani siku ile ile. Vijiji vya delta, ambako safari ni ya mashua na saa za safari huamuliwa na maji kujaa na kupwa, haviwezi kutegemea hilo. Huko bodi iidhinishe ununuzi wa kipanya cha pili, cha waya, kisichohitaji betri, kiwekwe katika mfuko usiopenya unyevu wa chumvi. Karatasi ya vitufe vilivyotajwa katika somo hili ibandikwe ukutani karibu na meza, maana siku ya kuihitaji hakutakuwa na mtu wa kukumbuka.

Maswali ya kikundi cha kujifunza

1. Katibu na afungue orodha ya malipo ya msimu uliopita, aichape na kuifunga bila kugusa kipanya. Ilichukua dakika ngapi? Ni nani mwingine katika chama anayeweza kufanya hivyo katibu akiwa mgonjwa?

2. Nakala ya mwisho ya daftari la wanachama iliwekwa katika flashi tarehe gani, na flashi hiyo iko wapi sasa?

3. Fundi anasema kompyuta haitapona bila kupigwa Windows upya. Katika chama chenu, nani mwenye mamlaka ya kumruhusu, na atataka kuona nini kwanza?