Somo la Mwezi: Chuo Kilifungwa, Urafiki Ukadumu

Someni: Mhubiri 4:9-12, Yakobo 5:16



Kila mwaka twawaaga vijana wetu waendao vyuoni. Twawaombea wafaulu mitihani, na wengi hufaulu. Lakini wako ambao wakirudi hatuwaoni tena kanisani, na wako warudio na imani yenye nguvu kuliko ile waliyoondoka nayo, pamoja na marafiki wa kusali nao hata uzeeni. Tofauti hii yatoka wapi? Mwezi huu tujifunze kwa chuo kimoja cha Ujerumani.

Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilikuwa ikilibana Kanisa lifuate siasa yake. Wakristo waliokataa walianzisha vyuo vyao vya kuwaandaa wachungaji. Kimoja kiliongozwa na mchungaji wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Kilianzia Zingst, pwani ya Bahari ya Baltiki, kisha kikahamia Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin, ambao leo uko Poland na huitwa Szczecin.

Kabla ya hapo Bonhoeffer alikuwa mchungaji huko London. Kwa msaada wa Askofu George Bell wa Chichester, alizitembelea nyumba za watawa wa Kianglikana. Mojawapo ni Mirfield, nyumba ya Jumuiya ya Ufufuo, ambayo baadaye Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968, alikuwa mmoja wa ndugu zake. Huko aliona jinsi sala za kila siku zinavyowaunganisha watu. Basi, chuo hiki cha Mlutheri kilichota pia katika kisima chetu.

Tuangalie desturi zake tatu.

Ya kwanza ni Neno. Kila asubuhi walikaa kimya nusu saa na kifungu kifupi cha Biblia, kile kile kwa juma zima. Hawakutafuta hotuba ya kuwahubiria wengine. Kila mmoja alisikiliza Mungu anamwambia nini yeye mwenyewe. Mwanzoni wengi walilalamika.

Ya pili ni ulimi. Kanuni ilisema mtu asimseme ndugu asiyekuwapo. Akiteleza, amwendee ndugu yule na kumweleza kwamba amemsema.

Ya tatu ni toba. Walihimizwa kuungama dhambi zao kwa ndugu mmoja, kwa siri. Bonhoeffer, mwalimu wao, aliungama kwa mwanafunzi wake, Eberhard Bethge.

Septemba 1937 polisi wa siri walikifunga chuo. Lakini Bonhoeffer aliendelea kuwaandikia wanafunzi wake wa zamani, akiwakumbusha ile nusu saa ya asubuhi. Vita vilipoanza mwaka 1939, barua hizo zikaanza kutaja majina ya ndugu waliouawa, ili wenzao wawakumbuke.

Aprili 1943 Bonhoeffer mwenyewe alitiwa gerezani. Kutoka humo alimwandikia Bethge mambo ya ndani kabisa ya imani yake. Nyingi za barua hizo zilifichwa ardhini, katika bustani ya jamaa. Bonhoeffer aliuawa tarehe 9 Aprili 1945. Bethge alizitoa barua hizo katika kitabu mwaka 1951, na hakuacha kumshuhudia rafiki yake mpaka alipofariki mwaka 2000.

Ndugu, chuo kile kilidumu miaka miwili na nusu tu. Kilichobaki ni zile desturi. Nazo hazihitaji jengo wala fedha. Zahitaji watu wawili au watatu wanaokubaliana kuzishika. Basi tusiwape vijana wetu nauli na masanduku tu. Wawe wamezoea nyumbani kulisikiliza Neno, kuulinda ulimi na kutubu. Maana kijana anayetusikia tukimsengenya mwenzetu mlangoni pa kanisa, naye amekwisha kupata somo lake.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani awezaye kutuambia dhambi yetu nasi tusikasirike?
2. Kati ya desturi hizi tatu, ipi ni ngumu kwetu, na kwa nini?
3. Vijana wa parokia yetu walio vyuoni sasa, ni nani anayewaandikia?