Somo: Maji ya Kuoshea Kahawa

Ndugu wanachama, yafaa tujifunze habari ya maji yatokayo katika mitambo ya kuchakata kahawa mbivu. Hayana dawa ya sumu, lakini huua samaki. Ute na sukari ya tunda huozeshwa na vijidudu, navyo huimaliza oksijeni iliyo majini. Machi 2022 samaki wengi walikufa katika mto Mara; kamati ya serikali ilieleza kwamba oksijeni ilipungua kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Haikuwa kahawa. Hata hivyo njia ya mauti ni ile ile, na vijito vingi vya milima ya Tarime huishia mto huo.

Kinga yake yachimbwa kwa jembe. Maganda yachujwe, yawe mboji. Maji yatuame katika shimo la kwanza ili machicha yashuke. Katika la pili yatiwe chokaa, maana vijidudu visafishavyo havipendi uchachu. Kisha yakae siku nyingi katika bwawa pana lisilo na kina kirefu, na mwisho yapite polepole kwenye matete. Kosa ninaloliona mara nyingi ni uvivu wa kuzoa machicha: shimo likijaa, maji hutoka machafu kama yalivyoingia.

Kwa hiyo nikija kukagua huanza na mtaro, ndipo nifungue daftari la fedha. Chama kimoja kilikuwa na hesabu safi kabisa, huku majirani wa bondeni wakichota maji yanukayo siki. Bodi ilipowekewa mezani ndoo moja ya maji hayo, ilipitisha fedha za shimo la pili siku ile ile.

Mkaguzi wa Ushirika, Mugumu