Kuungua kwa Merikebu Volturno

Mtu aonapo nyumba yake yawaka moto, hukimbilia nje. Lakini aliye katikati ya bahari akimbilie wapi? Tutazame mambo yaliyowapata watu wa merikebu Volturno mwaka wa 1913.

Merikebu hiyo ilitoka Rotterdam kwenda New York, nayo ilichukua watu zaidi ya 650. Wengi walikuwa maskini waliohama Urusi na nchi nyingine za mashariki ya Ulaya, wakitafuta maisha mapya Marekani. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba, katika Bahari ya Atlantiki, tufani ikivuma, moto ulizuka katika shehena upande wa omo. Nahodha Francis Inch alipoona ya kuwa hauzimiki, aliamuru msaada uitwe kwa simu isiyo na waya.

Hofu ikawashika watu, na mashua zikateremshwa kabla msaada haujafika. Nyingine zilipondwa ubavuni mwa merikebu, nyingine zilichukuliwa na mawimbi wala hazikuonekana tena. Siku ile walipotea watu zaidi ya 130, na wengi wao walikufa majini, si motoni. Tusiwahukumu upesi. Mama mwenye mtoto mkononi, aonaye moshi ukitoka chini ya miguu yake, nani atamwambia angoje? Tena angoje nini?

Merikebu ya kwanza kufika ilikuwa Carmania ya Waingereza. Mabaharia wake walijaribu kuvuka kwa mashua, wakapotewa na makasia, wakarudi kwa shida. Carmania, kwa ukubwa wake wote, iliokoa mtu mmoja tu. Lakini nahodha wake, Barr, aliziongoza merikebu nyingine zilizofika, nazo zikakesha zikiizunguka ile iliyokuwa ikiungua. Usiku ule waliopatikana walikuwa wachache.

Asubuhi ya tarehe 10 ikafika Narragansett, merikebu ya kuchukua mafuta, iliyoitwa kwa simu, ikamwaga mafuta baharini. Hila hii mabaharia waliijua tangu zamani: mafuta huenea juu ya maji kama utando mwembamba, upepo ukakosa mahali pa kushika, na mawimbi huacha kuvunjika ijapokuwa yangali yakipanda na kushuka. Tufani nayo ilikuwa imepungua. Basi mashua zikapita, na watu zaidi ya 500 wakaokolewa.

Iliyopokea wengi kuliko zote ni Grosser Kurfürst ya Wajerumani: watu zaidi ya 100. Wajerumani, Waingereza, Wafaransa na Warusi walihudumu pamoja katika bahari ile moja. Haukutimia mwaka, mataifa hayo yakaingia vitani. Septemba 1914 Carmania ile ile, imekwisha kutiwa mizinga, ilipigana na Cap Trafalgar ya Wajerumani katika Atlantiki ya kusini, ikaizamisha. Barr alikuwamo. Na safari hii moto ulikuwa katika Carmania yenyewe, ukaliteketeza daraja lake la kuongozea.