Bima ya uzazi: anza kusoma panapomhusu mtoto

Mume na mke wakiketi na ajenti wa bima, swali la kwanza huwa lilelile: uzazi mnalipia kiasi gani? Ajenti hutaja fungu la uzazi, tuseme shilingi 200,000, kisha mazungumzo huhamia bei ya mwaka. Ni swali la haki, ila halitoshi. Uzazi usio na matatizo unaweza kuwekewa akiba kidogo kidogo mimba inapokua. Kinachowalemea watu ni mtoto kuzaliwa mimba ikiwa na wiki 31, akalazwa katika inkubeta kwa majuma kadhaa, na bili yake ikafunguliwa kwenye faili la peke yake, tofauti na la mama.

Kwa hiyo ukikabidhiwa masharti ya bima ya kibinafsi, tafuta kwanza panapotajwa mtoto mchanga. Je, anahudumiwa tangu anapozaliwa, au baada ya kuandikishwa na kulipiwa? Gharama zake zinachotwa kwenye fungu la mama, au ana fungu lake? Vipi mtoto njiti, na aliyezaliwa na tatizo la moyo au la mgongo? Mara nyingi watoto hawa huwekewa kiwango chao kidogo, na kiwango hicho hakiandikwi kwenye kijikaratasi cha matangazo. Fikiria fungu la mama la shilingi 200,000 ambalo upasuaji umeshakula 150,000. Shilingi 50,000 zinazobaki haziwezi kugharamia majuma ya uangalizi mahututi katika hospitali ya kibinafsi. Kati ya bima mbili za bei moja, ningechukua ile yenye fungu dogo la kujifungua lakini inayompokea mtoto tangu pumzi yake ya kwanza.

Jambo la pili ni muda. Bima anazojinunulia mtu mwenyewe huwa na kipindi cha kungoja kabla ya kulipia uzazi, kwa kawaida kati ya miezi tisa na mwaka mzima. Maana yake ni kwamba bima hii hununuliwa kabla ya mimba. Ajenti akikwambia mjamzito pia atasaidiwa, mwombe aandike hivyo kwa barua pepe yenye jina la kampuni. Bima ya kikundi inayotolewa na mwajiri mara nyingi haina kipindi hicho, kwa hiyo kama mwenzako ameajiriwa, mwambie aulize ofisini lini majina ya wategemezi yanaongezwa. Na kama unafikiria kubadilisha kazi ukiwa na mimba, uliza kwanza bima ya huko uendako inaanza siku gani. Binti anayetumia kadi ya wazazi wake naye asiitegemee: uzazi kwa kawaida hulipiwa mwenye bima au mke wake, si mtoto wao.

Kwa Kenya, hesabu yoyote ianze na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Asiye na mshahara hupimwa kipato cha nyumba yake kwa kujibu maswali, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapa ndipo akina mama wengi hukwama. Linda Mama, mpango wa zamani wa serikali wa kugharamia uzazi, haikumdai mjamzito mchango wowote. Linda Jamii, iliyokuja badala yake, inataka mchango uwe umelipwa, na kwa mtu wa biashara ndogo unalipwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Mama anayeuza mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, hata akipangiwa kile cha chini kabisa, anahitaji shilingi 3,600 mkononi, na wengi hupangiwa zaidi. Ushauri wangu ni kujisajili na kujibu maswali hayo mimba ikiwa changa, ili mjue kiasi mapema na kuwe na miezi ya kukitafuta. Kugundua deni hilo mlangoni mwa wadi, uchungu ukiwa umeshika, ni mateso ambayo hakuna mama anayestahili.

SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Katika hospitali ya umma kiasi hicho kinaweza kutosha. Katika hospitali nyingi za kibinafsi ni sehemu tu ya bili, na kinachobaki ni chako au cha bima yako ya pili. Nenda mapema kwenye ofisi ya malipo ya hospitali unayoitaka, uulize: nikiwa na SHA, nitaongeza ngapi kwa kawaida, na ngapi kwa upasuaji? Huko utapata jibu kamili kuliko kwa ajenti yeyote.

Upasuaji nao una maswali yake. Kampuni nyingine hulipa kwa ukamilifu ule wa dharura pekee, na ule uliopangwa huupunguzia. Mwenye kovu la upasuaji wa awali, anayetarajia pacha, mwenye presha au kisukari, aseme ukweli wote kwenye fomu, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio sababu rahisi kabisa ya kampuni kukataa madai. Mwenye damu aina ya rhesus hasi aulize pia kuhusu sindano ya anti-D, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa damu ya mtoto ni chanya.

Kliniki zisisahauliwe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara nane, na kila ziara, kipimo cha damu na picha ya ultrasaundi hulipiwa kutoka fungu fulani. Gharama hizo zikitolewa kwenye fungu la uzazi, unafika siku ya kujifungua limeshapungua. Chanjo za ratiba ya taifa hutolewa bure katika vituo vya umma, basi usilipie bima ghali kwa ajili yake.

Mtoto akishazaliwa, msiondoke hospitalini bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kiombwe ndani ya miezi sita, kabla ombi halijageuka usajili wa kuchelewa wenye hatua nyingi zaidi. Mwongezeni mtoto kwenye SHA kama mtegemezi, na kwenye bima ya kibinafsi kabla ya siku zilizowekwa kwisha. Kampuni nyingi hutoa takriban mwezi mmoja tu. Mama atakuwa kitandani ananyonyesha na kuuguza mshono. Kazi hiyo ya fomu ipewe baba, na aanze nayo wiki ya kwanza, akiwa bado kwenye likizo yake ya wiki mbili anayopewa na Sheria ya Ajira ya 2007.