Utalii wa Zabibu Dodoma: Fedha Yako Imfikie Mkulima

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mgeni anayezuru shamba, akala kwa mama lishe wa kijijini na kununua mvinyo papo hapo, huacha fedha yake kijijini. Tunakushauri, kabla ya kulipa, uulize malipo yanajumuisha nini na sehemu gani inamfikia mkulima; kisha dai risiti.

Chupa iwe na lebo yenye jina la mtengenezaji, kiwango cha kilevi, namba ya toleo na alama ya ubora ya TBS. Mvinyo usio na lebo ukikudhuru, hutakuwa na wa kumdai. Naye mkulima mwaminifu atapoteza soko kwa kosa lisilo lake.