Kiungo Kiotacho Tena

Kila mtoto aliyepata kumrushia mjusi jiwe ajua ya kuwa mkia ukikatika huota mwingine. Lakini mkia huo mpya si sawa na wa kwanza: ndani yake hamna pingili za mifupa, ila gegedu tupu. Yuko mnyama mwingine apataye tena kiungo kizima, mifupa, misuli na neva, na habari zake twapenda kuzieleza leo.

Mwaka 1768 Padre Lazzaro Spallanzani wa Italia alitangaza kwamba salamanda, mnyama wa jamaa ya vyura mwenye umbo la mjusi, akikatwa mguu huota mwingine kamili. Tangu hapo wataalamu hawakuacha kuuliza: mbona sisi hatuwezi?

Siku hizi humtumia sana aksoloti, salamanda wa Meksiko. Mwaka 1864 wanyama 34 walifikishwa Paris, na wengi walioko katika maabara za dunia ni uzao wa hao. Akatwapo mguu, ngozi hufunika jeraha upesi, kisha chembe hai hukusanyika penye ncha na kufanya chipukizi. Wengi walidhani kwamba kila chembe ya chipukizi hilo yaweza kugeuka kuwa kitu chochote. Mwaka 2009 Elly Tanaka na wenzake huko Ujerumani walizitia chembe alama ya kung'aa, wakaona sivyo: chembe ya msuli huzaa msuli, haizai gegedu.

Kwetu wanadamu, ncha ya kidole cha mtoto mdogo yaweza kuota tena. Zaidi ya hapo hubaki kovu. Basi familia yenye ndugu aliyepoteza mguu isitoe fedha yake kwa wadanganyifu: hakuna tabibu leo awezaye kuuotesha.

Liko jambo lituchomalo zaidi. Mnyama huyu ajaaye katika maabara amekaribia kutoweka kwao. Katika mifereji ya Xochimilco, jijini Mexico, mwaka 1998 walikadiriwa kuwa 6,000 kwa kila kilomita ya mraba; mwaka 2014, 36 tu. Maji yamechafuka, na samaki wageni waliotiwa humo ili watu wapate kitoweo, wakiwamo perege ambao asili yao ni Afrika yetu, hula mayai na watoto wao. Mwaka 2025 ilitangazwa habari ya aksoloti 18 waliofugwa, wakaachiliwa katika maji yaliyotengenezwa upya. Wote waliishi muda wote wa uchunguzi, na waliokamatwa tena walikuwa wameongezeka uzito.